Hilux ya familia: kabla ya kuliinua gari, lipeleke kwenye mzani

Swali la msomaji: "Naishi Nkuhungu, Dodoma. Nina Hilux Vigo dabo kebini ya 2012, dizeli 2.5, gia za mkono, 4WD, rimu za inchi 17 zenye tairi 265/65R17. Tuko watano: mimi, mke wangu na watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Likizo za Juni na Desemba huwa tunatoka. Hombolo na Mtera tumeshafika. Sasa tunataka Kolo kwenye michoro ya miambani, milima ya Mpwapwa, halafu Ruaha. Fundi ananishauri niinue gari inchi 4, nifunge tairi za inchi 33, bampa la chuma na winchi, hema la juu ya paa na droo za chuma nyuma. Fedha nitatoa kwa awamu. Nianze na lipi?"

Ndugu, anza na mzani. Orodha ya fundi wako ni nzuri kwa gari la mtu mmoja anayetafuta mawe na matope makusudi. Kwa gari linalobeba mke na watoto watatu, karibu kila kitu kwenye orodha hiyo kinaongeza uzito, na uzito ndio unaovunja springi, unaopasua tairi kwenye joto la Manyoni saa nane mchana, unaorefusha breki na unaozamisha gari kwenye mchanga wa korongo. Ukipanga uzito kwanza, utagundua kwamba nusu ya vifaa huvihitaji, na vile unavyovihitaji vina mpangilio wake.

Fungua mlango wa dereva uangalie kibao kwenye nguzo au chini yake, au kitabu cha gari. Pale pana uzito wa juu ambao gari linaruhusiwa kuwa nao likiwa limepakia kila kitu, watu wakiwemo. Kisha jaza tanki, lipeleke gari kwenye mzani wa malori wa ghala la nafaka au wa wanunuzi wa chuma chakavu, ulipime likiwa tupu. Omba upime mara tatu: gari zima, magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake.

Tuchukue mfano. Kibao kinasema kilo 2,700 na mzani unasema 1,850. Umebakiwa na kilo 850. Wewe na mama watoto tuwahesabu kilo 150, watoto watatu kilo 100. Kanopi (kifuniko cha bodi ya nyuma) 80, bampa la chuma 55, winchi na waya wake 35, hema la juu 65, droo za chuma 75, betri ya pili na kitako chake 30, friji ikiwa na chakula 45, maji lita 60 ni kilo 60, madumu mawili ya dizeli ya lita 20 kama kilo 42, tairi la akiba la pili 35, zana na vifaa vya kujinasua 45, mabegi, viti, sufuria na vyakula 100. Jumla ni kilo 917. Umeshapita kikomo kwa kilo 67, na bado hujafika hata Chamwino.

Sasa ondoa bampa na winchi, weka masanduku ya plastiki yenye uzito wa kilo 15 badala ya droo, na hema la kusimika chini la kilo 15 badala ya lile la paani. Umepunguza kilo 200. Umefika 717, na una akiba ya kilo 133. Gari lile lile, watu wale wale, safari ile ile.

Kuna jambo la pili ambalo jumla haikuoneshi. Kwenye dabo kebini, sehemu kubwa ya bodi, yaani sanduku la mizigo, iko nyuma ya ekseli. Mzigo ukikaa mwishoni kabisa karibu na mlango wa nyuma, unafanya kazi kama mtu aliyekalia ncha ya ubao wa pembea: nyuma inabonyea kuliko uzito wenyewe, mbele inainuka, usukani unakuwa mwepesi na taa zinawapiga machoni wanaokuja. Maji, betri na madumu yakae mbele kabisa ya bodi, yakigusana na ukuta wa kebini. Nyuma weka vyepesi: magodoro, nguo, viti. Wapo wanaoweka mipira ya upepo kati ya springi za nyuma na chesisi ili mkia usibonyee. Mkia unainuka kweli, lakini nguvu yote ya mashimo sasa inagonga chesisi sehemu moja ya katikati badala ya kugawanyika kwenye vishikio viwili vya springi. Pikapu za dabo kebini zimepinda chesisi kwa njia hiyo, hasa zikiwa na mzigo mzito nyuma ya ekseli. Usiifuate.

Kabla ya kununua chochote

Shilingi za awamu ya kwanza ziende kwenye matengenezo. Gari la 2012 limeshakula vumbi la kutosha. Mwambie fundi alinyanyue, atikise magurudumu ya mbele juu-chini na kushoto-kulia: boljointi, tairodi, bearingi. Aangalie bushi za kontroli amu, mipira ya sivi jointi kama haijachanika, jointi za propela shafti kama zinapokea grisi. Amwage oili ya difu zote mbili, ya giaboksi na ya kigawa nguvu cha 4WD. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ingiza 4H (4WD ya mwendo wa kawaida) na 4L (ya mwendo wa polepole wenye nguvu) kwenye barabara ya vumbi uone kama zinashika. 4WD isiyotumika mwaka mzima hukwama siku unayoihitaji. Na kwa mfumo wa gari lako, 4H haitumiki kwenye lami kavu, kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma hayapati nafasi ya kuachiana kwenye kona, na shida yote inahamia kwenye gia na shafti.

Mkanda wa taimingi uupe umakini wa pekee. Injini yako ya 2KD inatumia mkanda wa mpira, na kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT ambayo kwa kawaida huwaka kufikia kilomita 150,000. Taa hiyo huweza kurudishwa sifuri bila mkanda kubadilishwa. Kama ulinunua gari mkononi mwa mtu na huna risiti ya mkanda, badilisha, pamoja na puli yake ya kukazia. Ukikatika njiani, vali na pistoni zinagongana, na hapo hakuna fundi wa kijijini atakayekutoa.

Vumbi. Fungua kasha la ea klina, pitisha kidole kwenye bomba upande wa injini, yaani baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, filta haikai vizuri au kasha lina ufa, na turbo na ringi zinasagika kila siku. Filta ya karatasi ikipulizwa, ipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Wale wanaoipuliza kwa kompresa ya gereji kwa nguvu, kutoka nje, wanasukuma vumbi ndani ya karatasi na kuitoboa. Beba filta moja mpya safarini. Beba pia filta ya dizeli, maana sindano za injini hii hazivumilii maji wala uchafu. Chini ya filta pana kifundo cha kutolea maji: kifungue kila mwezi, na kila baada ya kujaza dizeli ya dumu.

Kiyoyozi. Utashangaa kukiona hapa, lakini Ruaha kuna mbung'o, na mbung'o hufuata gari linalotembea na rangi nyeusi na bluu iliyokolea. Ukiwa na watoto watatu, vioo vitafungwa. Jua la Oktoba na vioo vimefungwa bila kiyoyozi, safari imekwisha saa nne asubuhi. Kujaza gesi na kusafisha kondensa kutawafaa watoto kuliko taa za ziada za paani.

Tairi: hapa ndipo gari linapobadilika

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua tairi nne nzuri, na la tano la akiba liwe la saizi ile ile. Kwako naona saizi mbili tu: ubaki na 265/65R17, au upande hadi 265/70R17.

Hesabu yake ni hii. 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776 hivi. 265/70R17 ina 803. Tofauti ni asilimia 3.4, na nusu yake, milimita 13, ndiyo inayoinua gari, difu ya nyuma ikiwemo. Spidi ikisoma 100, kwa kweli unakwenda 103. Gia zinakuwa ndefu kidogo sana, tairi la akiba bado linaweza kuenea chini ya bodi (pima kwanza), na mara nyingi hakuna cha kukata.

Tairi za "inchi 33" za fundi wako ni kama 285/70R17, kipenyo milimita 831. Umeongeza asilimia 7. Injini ya 2.5 iliyopakia kilo 700 itaisikia kila mlima. Utapanda Kitonga ukitoka Morogoro kwenda Iringa kwa gia ya chini kuliko ulivyozoea. Breki zinasimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi kwa diski zile zile. Tairi litagusa plastiki na chuma cha nyuma ya tao la gurudumu ukikata kona huku mbele ikibonyea. Faida yake ni milimita 27 chini ya difu. Kwa njia ulizozitaja, hazilipi gharama hiyo.

Chagua AT, tairi za njia zote. Zile za matope, zenye meno makubwa, zinavuma lamini, na lami ikilowa zinasimama mbali zaidi. Fikiria safari zako: Dodoma hadi Kondoa ni lami, Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera ni lami. Sehemu kubwa ya kilomita zako watoto watakuwa nyuma na wewe uko kwenye 80 hadi 100. Tairi lazima liwe zuri hapo kwanza.

Soma ubavu wa tairi. Tafuta herufi LT, alama ya tairi za pikapu na malori madogo, mbele ya saizi. Ubavu wake ni mnene kuliko wa tairi la kawaida la gari dogo. Namba ya mzigo pia isome: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 120 ni kilo 1,400. Kisha tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka, hivyo 2324 ni wiki ya 23 ya 2024. Tairi la mtumba lenye meno mazuri lakini lina miaka minane limeshakauka; jua limelipasua kwa ndani hata kama nje linang'aa. Usimfungie mtoto tairi la namna hiyo.

Upepo ndio kifaa cha bei nafuu kuliko vyote. Vipimo hivi ni vya tairi za LT, zikiwa baridi, gari limepakia. Anza navyo kisha urekebishe. Lami: mbele 35 PSI, nyuma 40. Barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati: mbele 26, nyuma 30, mwendo usizidi 60 au 70. Mchanga wa korongo: 18 pande zote, chini ya kilomita 30 kwa saa, bila kukata kona kali. Ukishakwama kabisa unaweza kushuka hadi 15, lakini hapo tairi linaweza kuvuka rimu, kwa hiyo tumia kujinasulia tu. Mawe ya vilima vya Kolo: 24 hadi 26. Vichaka vyenye visiki, kama upande wa Itigi, usishuke chini ya 26, kwa sababu tairi laini hutanua ubavu, na kisiki cha mti uliokatwa kwa panga kinachana ubavu hadi lisizibike tena. Miiba ya migunga inatoboa uso wa tairi tu, na hiyo unaiziba mwenyewe kwa kamba za mpira za kuzibia pancha. Beba angalau kamba kumi na koleo la kung'olea mwiba.

Namna ya kujua kama upepo wako ni sahihi: pima asubuhi, endesha saa moja, pima tena. Ukiongezeka PSI 4 hadi 6, sawa. Ukiongezeka zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo mno, tairi linajikunja na kuchemka. Ongeza upepo au punguza mwendo.

Maana yake unahitaji kompresa ya 12V ya kurudishia upepo. Inunue inayobanwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Zile za kuchomeka kwenye tundu la sigara zinabanwa na fyuzi ndogo ya tundu hilo, na kujaza tairi nne kubwa zitakuchukua hadi watoto wachoke. Watu wengi hawashushi upepo kwa sababu hawana cha kuurudishia, wanakwama, kisha wanalaumu gari.

Kujinasua

Udongo wa kwetu ni wa aina tatu zinazonasa. Mchanga wa makorongo, kama ule wa Kondoa ambako mmomonyoko ulikuwa mkubwa hadi mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanzishwa 1973. Tope jeusi la mbuga, Bahi na kuelekea Manyoni, linaloganda kwenye tairi hadi meno yasionekane. Na mito ya msimu, ambayo nitaisema baadaye.

Angalia jinsi winchi isivyolingana na udongo huu. Katikati ya mbuga hakuna mti wa kufungia waya. Kwenye korongo la mchanga, kushusha upepo na kufukua mbele ya tairi hutosha mara nyingi. Kilo 35 za winchi pamoja na 55 za bampa lake zinakaa mbele ya ekseli ya mbele kila siku ya mwaka, zikikusubiri siku moja. Weka fedha hiyo kwenye vitu hivi: koleo la mpini mrefu, vibao viwili vya kukanyagia, kamba ya kuvutana inayotanuka ya mita 9 yenye nguvu ya kukatika ya tani 8 au zaidi, vifungo viwili vya chuma vyenye umbo la D vilivyoandikwa 4.75T, na ubao wa sentimita 30 kwa 30, unene wa 4, wa kuweka chini ya jeki ili isizame. Na safiri magari mawili. Gari la pili la jirani au shemeji lina thamani kuliko winchi yoyote.

Sehemu ya kufungia kamba ndiyo inayoua watu. Vile vipete vya chini mbele ya gari vimewekwa kwa ajili ya kulifunga likiwa melini au juu ya lori. Havikutengenezwa kuvutwa kwa mshtuko. Nunua vishikio vya kuvutia vya kuungwa kwenye chesisi kwa bolti za daraja la 10.9 au zaidi, vyenye uwezo ulioandikwa. Kamwe usifunge kamba kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela: kikikatika kinaruka kama risasi hadi ndani ya kioo cha gari la mbele. Tandika blanketi lililoloweshwa katikati ya kamba, na watoto wasimame mbali, umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa kamba, pembeni, kamwe wasisimame kwenye mstari wake.

Kuinua gari, sasa

Tukifika hapa, umeshapima uzito, una tairi, na umesafiri mara mbili. Sasa unajua gari lako linabeba nini kila siku. Springi na shokapu zinachaguliwa kwa kilo hizo, na ndiyo maana hazikuwa za kwanza.

Kuliinua gari hakuinui difu ya nyuma hata kwa milimita moja. Ekseli ya nyuma imekaa kwenye magurudumu. Ni tairi tu linaloipandisha. Kinachopanda ni chesisi, kebini na bodi, na pamoja navyo kitovu cha uzito, watoto wakiwa juu yake. Mbele, magurudumu ya Vigo yako huru, kila moja na shafti yake. Ukiinua inchi 4 kwa vipande vya kuongezea, sivi jointi zinafanya kazi kwa pembe kali, mipira yake inachanika, grisi inamwagika, mchanga unaingia. Boljointi za juu zinafika mwisho wake, alaimenti haikamatiki, tairi linaliwa upande mmoja ndani ya miezi michache. Mabomba ya breki yanavutwa kila gurudumu linapoangukia shimoni.

Kikomo chako kiwe milimita 40. Mbele: koili na shokapu mpya zilizopangwa kwa uzito wako halisi. Kama hukufunga bampa la chuma, usinunue koili za bampa la chuma. Gari litarukaruka kama gari tupu la ng'ombe. Nyuma: springi za vipande zinazouzwa kwa mzigo wa kudumu, mathalani kilo 100, 200, 300. Jumlisha vile visivyoshuka garini kabisa: kanopi 80, betri 30, masanduku na zana 60, ni 170. Chukua ya 200. Usihesabu mzigo wa likizo wa mara mbili kwa mwaka, maana siku nyingine zote utaendesha kwenda kazini juu ya springi ngumu isiyojikunja, na kwenye mikunjo ya barabara gurudumu la nyuma litakuwa linaelea hewani na mkia kuteleza.

Shokapu usizionee huruma fedha. Kwenye barabara iliyojikunja zinachemka hadi oili ndani inatoa povu na gari linaanza kuyumba. Gusa kwa tahadhari baada ya saa moja ya vumbi: zote nne zinapaswa kuwa na moto, na moja iliyo baridi imekufa, haifanyi kazi.

Maji, na mito inayokuja jua likiwaka

Difu ina kijitundu cha kupumulia juu yake. Ukitoka mwendo mrefu difu iko moto, ukiingia mtoni inapoa ghafla, hewa ndani inasinyaa, na inavuta maji kupitia kijitundu hicho au sili. Dawa yake ni mpira wa mita chache uungwe pale na upandishwe hadi karibu na betri mbele, na kwa nyuma hadi juu ya bodi. Ni kazi ya nusu siku, na ni kati ya maboresho bora utakayofanya. Bomba la kuvutia hewa la pembeni ya kioo linasaidia zaidi kwa vumbi la msafara kuliko maji. Liache hadi mwisho wa orodha.

Desemba ulizozitaja ni msimu wa mvua. Mito kama Bubu na makorongo mengi ya Kondoa, Bahi na Mpwapwa huwa mchanga mtupu, kisha hujaa kwa dakika chache kwa mvua iliyonyesha milimani mbali, juu yako pakiwa na jua. Usipige kambi wala kusimama kupumzika ndani ya korongo. Maji yanayotembea yakizidi nusu ya gurudumu, karibu sentimita 40, usivuke. Maji yaliyotulia, tembea kwanza kwa miguu na fimbo. Usipoweza kuyapita kwa miguu, gari lenye watoto lisipite. Subiri: mto wa msimu uliopanda haraka hushuka haraka, mara nyingi ndani ya saa chache. Mbuga za Bahi ziache kabisa hadi Juni. Kwa Desemba, Kolo na Mtera zinatosha, zikikaribiwa kwa lami.

Umeme, kwa ufupi. Friji ya lita 40 hula kama ampea 2.5 kwa wastani. Betri ya pili ya risasi ya 100Ah inakupa 50 tu ukitaka idumu, sawa na saa 20. Ikiwa unahama kambi kila siku altaneta inatosha. Ukikaa siku mbili, paneli ya wati 100 hurudisha takribani 30Ah kwa siku ya jua letu. Waya wa kwenda nyuma uwe wa milimita za mraba 16 au zaidi, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Waya mwembamba usio na fyuzi, ukisugua chesisi kwenye mtikisiko, huunguza gari.

Moto mwingine ni wa nyasi. Mei na Juni nyasi ni ndefu na kavu. Hujikusanya juu ya vikinga vya chini, karibu na bomba la moshi. Kila mkisimama, chungulia chini na uzitoe. Mbegu zake huziba rejeta pia. Zioshe kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje. Kizimamoto kiwe ndani ya kebini mahali dereva anapofikia.

Kwa watoto: mdogo akae kwenye kiti chake chenye mikanda, kilichofungwa imara, wakubwa kwenye viti vya kunyanyulia hadi mkanda upite begani na usipite shingoni. Asikae mtu kwenye bodi, hata kwa kilomita moja ya kuingia kambini. Hakuna kitu kizito kisichofungwa ndani ya kebini. Maji hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, yaani lita 25, na siku moja ya ziada. Kwa hiyo lita 60 ni za siku mbili na kidogo, na mnajaza kila mnapopita. Vumbi huingia ndani ya kanopi kupitia mlango wa nyuma, kwa sababu gari likitembea hewa nyuma yake hunyonya. Ziba mianya ya mlango kwa mpira, kisha fungua kitundu cha mbele cha kanopi, kifunikwe kwa sponji, ili hewa iingie mbele na kusukuma vumbi nje.

Basi mpangilio wako ni huu: mzani na matengenezo kabla ya Juni; tairi, kompresa na vifaa vya kujinasua kabla ya Kolo, ambako barabara ya kupanda kwenye michoro itakupima tairi na upepo; mipira ya difu na betri baadaye; shokapu na springi kabla ya Ruaha. Baada ya kufunga springi, rudi gereji kwa kilomita 500 ukakaze tena nati za yu-bolti za springi, maana springi mpya hujipanga na nati hulegea, ekseli ikasogea. Siku hiyo hiyo, gari likiwa limepakia kama la safari na wote watano mkiwa ndani, pitia tena mzanini. Mjulishe pia wakala wa bima yako kuhusu ulichobadilisha, kwa maandishi.